Kompyuta zako nzee zinaweza kutumiana faili, wachana na flashi ya matatu

Una kompyuta nzee Umoja, nyingine iko kwa wazazi Kakamega. Ukitaka picha za familia, ati mtu atume flashi kwa matatu. Si lazima.

Usijaribu tu kuifungulia intaneti folda ya Windows 7. Microsoft iliacha kuikarabati Januari 2020, na WannaCry ilipenya kupitia huduma hiyo hiyo ya kugawana faili Mei 2017.

Nakili faili zako kando, kisha weka Linux nyepesi kama Lubuntu, kwa sababu usakinishaji hufuta diski. Halafu weka Syncthing, ya bure, kwenye zote mbili. Kila mashine hupata kitambulisho chake. Ingiza cha hii kule na cha ile huku, chagua folda, basi. Faili husafiri kwa msimbo. Zikikosa njia ya moja kwa moja hupitia seva za kati, polepole kidogo.

Zote lazima ziwe zimewashwa, so elewana saa na mzee. Mara ya kwanza ndio hula bando, kwa hivyo ukienda ocha beba yako, zianze zikiwa kwa Wi-Fi moja. Baadaye hutumwa sehemu zilizobadilika tu.

Sasa, pale watu hulia: ukifuta picha Umoja, Kakamega pia inafutika. Kwa mipangilio ya folda, pande zote mbili, washa uhifadhi wa matoleo ya zamani. Na diski nzee hufa bila kubisha hodi, kwa hivyo picha za shosho ziwekee nakala ya tatu kwingine.