Nyama mukubwa sawa ndeke: kweli aliruka?

Mwaka 1971, mwanafunzi wa Universite ya Texas, Douglas Lawson, alipata mu mabwe ya Big Bend, ku Marekani, mifupa ya bawa. Mufupa wa mukono wa juu, peke yake, unapita sentimetre 50. Mwaka 1975 ule nyama akapewa jina Quetzalcoatlus northropi: nusu ni jina la mungu wa Waazteki, nusu la John Northrop, mutengenezaji wa ndeke.

Hakuwa ndege, hakuwa dinosauri. Alikuwa terosauri, na jamaa yake yote ilikwisha kufa, sasa miaka milioni 66. Akifungua mabawa: metre 10 ao 11. Akisimama: karibu na urefu wa twiga.

Sasa tuulize: nyama wa namna ile anaondokaje chini?

Mwaka 2010, Donald Henderson wa ku Kanada alihesabu kilo 544, akasema hapana, hakuruka. Mwaka ule ule, Mark Witton na Michael Habib wakajibu: alikuwa na kilo 200 mpaka 250, na aliruka. Ndege anajisukuma kwa miguu, lakini terosauri alitembea kwa mine. Nyayo zake mu mabwe zinaonyesha. Mikono yake ilipita miguu kwa nguvu. Basi, wanasema, alijirusha juu na mikono.

Na mifupa? Ndani ni wazi, ganda lake jembamba, sawa tiyo. Ninyi wa mina munajua: tiyo ni nyepesi, lakini kuipinda ni kazi. Tena ku ule mufupa wa mukono kuko pahali pakubwa pa kushikia nyama za bega. Mutu hajengi mulingoti mukubwa kama hana mushipi wa kuvuta.

Juu ya nini basi wanabishana? Juu jiwe linachunga mufupa, halichungi uzito. Ya huyu mukubwa tuko na mifupa ya bawa tu. Mwili uliobaki wanaupima kwa ndugu yake mudogo, aliyepatikana pale pale Big Bend. Ukibadilisha kipimo cha mwili, jibu linabadilika. Wataalamu wengi leo wanasema aliruka, na sisi tunaona mifupa inawapa haki.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mukiona mu jiwe umbo la mufupa ao la jani, musilipige nyundo. Muandike pahali na kina, muite mujeolojia. Jiwe lililopoteza pahali pake limepoteza nusu ya maneno yake.