HESHIMA ILIPOVAA SARE YA TAIFA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakupoteza maneno waliponena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nyanya yangu huipenda methali hii kuliko chai ya asubuhi. Nikichelewa kutoka shuleni, ananipiga nayo. Nikivaa suruali Jumamosi, ananipiga nayo tena. Lakini siku moja wakati wa likizo methali hiyo ilimgeukia mwenyewe, na kisa hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Ukutani kwa nyanya kuna picha ya harusi yake. Amesimama wima, hacheki, na amevaa gauni jeupe hadi miguuni.

"Nyanya, gauni hili ulinunua?" nikamwuliza.

"Nani alikuwa na pesa! Niliazimwa na kanisa. Mwaka ule tulilivaa wasichana wanne."

"Na kama lingekosekana?"

"Wee! Watu wangesemaje? Ningeonekana sina heshima."

Nikamwuliza kama nyanya yake yeye pia aliolewa kwa gauni jeupe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "La, yeye alivaa ngozi na shanga."

Basi, msomaji mpendwa, nikabaki nikijiuliza: hii mila ya gauni jeupe ni ya nani hasa? Na hii heshima ambayo hupotea kwa kukosa gauni, ilizaliwa wapi? Nilimwendea mwalimu wetu wa Historia, naye akanipa vitabu na kuniambia nitafute mwenyewe. Nilichokipata kilinishangaza. Sisi huambiwa eti Wazungu wa zamani walikuwa na maadili tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na wa siku hizi wameyatupa. Mambo hayakuwa hivyo. Maadili yale ya ndoa, ya mume na mke, ya haya na aibu, yalitengenezwa na watu fulani, katika wakati fulani, kwa sababu fulani. Kisha taifa likayachukua na kuyafanya sheria.

Tuanze na gauni lenyewe. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa nguo nyeupe. Kabla ya hapo bibi arusi wa Uingereza kwa kawaida alivaa nguo yake bora, iwe nyekundu, buluu au hudhurungi, na baada ya harusi akaendelea kuivaa. Picha za harusi ya malkia zilichapishwa na kuuzwa. Wenye pesa wakaiga, wasio na pesa wakawaiga wenye pesa, na miaka mingi baadaye gauni likafika kwetu pamoja na wamishenari.

Usidhani kwamba jamaa ya kifalme ilikuwa na adabu hiyo tangu jadi. Ami yake Victoria, Mfalme George wa Nne, alijulikana kwa madeni na vimada. Mwaka wa 1820 alitaka kumtaliki mkewe Caroline kwa kupitia Bunge, na siri za nyumba yao zikaanikwa hadharani kama nguo kwenye kamba. Makabaila wa siku hizo hawakuona haya sana. Mtu mwenye mashamba na cheo cha kurithi ana haja gani ya kumthibitishia jirani kwamba yeye ni mtu wa maana?

Waliokuwa na haja hiyo ni mabwanyenye, yaani wenye viwanda, wafanyabiashara, mawakili, madaktari na kadhalika. Mapinduzi ya viwanda yaliwapa pesa, lakini hayakuwapa cheo. Juu yao walikuwa makabaila, chini yao wafanyakazi wa viwandani. Sasa wangejitofautisha vipi na hao wa juu na wa chini? Kwa tabia. Sisi hufanya kazi, walisema, huweka akiba, hatulewi, hatuzurui, hujizuia. Mume aende kazini, mke abaki nyumbani kulea watoto, na mambo ya chumbani yasitajwe mezani. Heshima ikawa ngazi yao ya kupandia, na papo hapo ikawa ua wa kuwazuia wengine nje.

Dini nayo iliongeza nguvu. William Wilberforce, ambaye sote tunamjua kwa kupiga vita biashara ya watumwa, alijiwekea kazi mbili mwaka wa 1787. Ya kwanza ni hiyo ya watumwa. Ya pili ilikuwa kurekebisha tabia za Waingereza. Ilipofika zamu ya Victoria na Albert na watoto wao tisa, ufalme wenyewe ulikuwa umevaa tabia za mabwanyenye. Kuanzia 1860 picha za familia hiyo ziliuzwa madukani, baba, mama na watoto, kama kusema: ishini hivi.

Je, kila mtu angeweza kuishi hivyo? Hasha! Mke wa mfanyakazi wa Manchester hangeweza kukaa nyumbani akishona vitambaa vya meza. Alikuwa kwenye kiwanda cha pamba tangu alfajiri, na binti yake kando yake. Kwa kipimo cha mabwanyenye huyo alikuwa amepungukiwa na heshima, ilhali alichopungukiwa ni mshahara tu.

Hapo ndipo taifa linapoingia. Mwaka wa 1806 Napoleon aliliponda jeshi la Prussia kule Jena. Wajerumani wakaulizana, kwa nini tumeshindwa? Baadhi yao wakajibu kwamba vijana wamelegea. Mwaka wa 1811 mwalimu mmoja aitwaye Friedrich Ludwig Jahn akafungua uwanja wa mazoezi huko Hasenheide, Berlin, ambako vijana waliruka, walipanda nguzo na kuning'inia kwenye vyuma. Somo la mazoezi ya mwili ambalo wengine wetu hulikwepa kwa kisingizio cha kuumwa na kichwa lina mizizi yake huko pia. Shabaha ya Jahn haikuwa afya peke yake. Alitaka vijana wenye nguvu na wenye kujizuia, walio tayari kupigania nchi. Tangu hapo mwili wa kijana haukuwa wake tu, ulikuwa pia mali ya taifa.

Wasichana nao walipewa mfano wao, Malkia Luise wa Prussia. Alikimbia vita pamoja na watoto wake, na mwaka wa 1807 akaenda Tilsit kumsihi Napoleon aionee nchi yake huruma. Napoleon hakusikia. Luise akafariki mwaka wa 1810 akiwa na umri wa miaka 34. Baada ya kifo chake alichorwa na kuchongwa kila mahali kama mke mwaminifu na mama wa taifa. Kwa hivyo mvulana aliambiwa, kuwa askari. Msichana aliambiwa, kuwa mama. Aliyetaka njia ya tatu hakuonyeshwa.

Jambo lililonichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja ni hili. Mataifa hayo yalijichora kwa sura ya mwanamke. Ufaransa ilikuwa na Marianne, Ujerumani Germania, Uingereza Britannia. Wamesimama kwenye sarafu, stempu na sanamu, wengine na ngao mkononi. Lakini wanawake wa nyama na damu hawakuruhusiwa hata kupiga kura! Wa Ujerumani walipata haki hiyo mwaka wa 1918, wa Uingereza wengine 1918 na waliobaki 1928, na wa Ufaransa wakangoja hadi 1944.

Sheria nazo zilikuwa na mizani miwili. Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimwagiza mume amlinde mke, na mke amtii mume. Kwa sheria ya jinai ya 1810, mke aliyezini alifungwa jela kuanzia miezi mitatu hadi miaka miwili. Na mume je? Yeye alitozwa faini tu, tena ikiwa amemweka kimada ndani ya nyumba ya ndoa. Akimweka mtaa wa pili, mambo shwari.

Uingereza haikuwa nyuma. Mwaka wa 1864 Bunge lilipitisha sheria kwa sababu askari na wanamaji wengi walikuwa wakiugua magonjwa ya zinaa, na taifa linahitaji askari wenye afya. Polisi wakapewa ruhusa ya kuwakamata wanawake walioshukiwa kuwa makahaba katika miji yenye kambi na bandari, wakapimwe na daktari. Askari wenyewe hawakupimwa kwa sheria hiyo. Mama mmoja jasiri, Josephine Butler, alisimama mbele ya watu akaipinga kuanzia 1869. Alitukanwa, kwa maana mwanamke wa heshima hakutarajiwa hata kujua mambo hayo, sembuse kuyataja jukwaani. Hakukoma, na mwaka wa 1886 sheria ikafutwa.

Hata hivyo, mcheza kwao hutunzwa, na ukweli pia usemwe. Heshima ile haikuwa mbaya tupu. Mwaka wa 1885 Bunge hilohilo liliinua umri ambao chini yake msichana analindwa na sheria, kutoka miaka 13 hadi 16. Mimi nina miaka 16, na nikifikiria kwamba mtoto wa miaka 13 aliachwa bila ulinzi, naishukuru sheria hiyo. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo kiliongezwa kifungu cha kuwaadhibu wanaume waliopendana wao kwa wao. Kwa kifungu hicho mwandishi maarufu Oscar Wilde alifungwa miaka miwili na kazi ngumu mwaka wa 1895. Watu waliokuwa wakishangilia tamthilia zake juzi, leo hawakutaka hata kulitaja jina lake.

Halafu kukawa na vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902. Vijana wengi wa mijini waliojitolea kupigana walikataliwa kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Taifa likaingiwa na hofu. Mwaka wa 1908 jenerali mmoja aliyepigana vita hivyo akatoa kitabu cha kuwafunza wavulana kambi, usafi, utiifu na kujizuia. Huyo ni Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye kaburi lake liko papa hapa kwetu Nyeri. Skauti wenzangu, msikasirike! Kufunga mafundo si dhambi. Nasema tu kwamba nyuma ya mafundo yale palikuwa na hofu ya taifa kupungukiwa na wanaume.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, mamilioni ya vijana walikuwa wamekufa na kila serikali ilitaka watoto. Mwaka wa 1920 Ufaransa ilipiga marufuku kutangaza njia za kuzuia mimba, na mwaka huohuo ikaanza kuwapa nishani akina mama wenye watoto wengi. Italia ya Mussolini iliwatoza kodi makapera kuanzia 1927. Ndiyo, kodi ya kutooa! Ujerumani ya Hitler kuanzia 1933 iliwakopesha maarusi hadi Reichsmark 1,000 kwa sharti kwamba mke aache kazi, na kila mtoto alipozaliwa robo ya deni ilifutwa. Kuanzia 1939 mama wa watoto wanne alipewa msalaba wa shaba, wa sita fedha, wa wanane dhahabu.

Ukisikia hivyo unaweza kusema, kumbe waliwapenda akina mama. Subiri kidogo. Mama Myahudi, hata awe na watoto kumi, hakupewa msalaba. Sheria za Nuremberg za 1935 zilikataza Myahudi kuoana na Mjerumani. Watu wapatao 400,000 walioitwa wagonjwa au wapungufu walifanyiwa upasuaji kwa nguvu ili wasizae. Mwaka wa 1937 mamia ya watoto wa Rhineland walifanyiwa hivyohivyo kwa siri, kwa kosa la kuzaliwa na mama Mjerumani na baba askari kutoka Afrika na makoloni mengine ya Ufaransa. Maelfu ya wanaume waliopenda wanaume walitiwa kambini wakiwa wameshonewa pembetatu ya waridi kifuani. Na yote haya yalifanywa kwa jina la familia safi na taifa lenye heshima.

Wenzangu, hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini. Niliona kwamba sare ina faida, humfanya mtoto wa tajiri na wa maskini wafanane mstarini. Lakini ukiifanya heshima kuwa sare ya taifa, mlinzi wa lango huacha kuuliza kama unawatendea wenzako mema. Huuliza tu, umevaa? Asiyevaa hufukuzwa.

Nami sikusoma haya kama hadithi za Ulaya tu. Katika shule moja, si lazima niitaje, msichana niliyemjua alipata mimba. Gwarideni tukaambiwa ameliharibu jina la shule, na hakuonekana tena. Mvulana aliyehusika alikuwa mstari wa tatu, sare yake imepigwa pasi. Tangu 1994 nchi yetu ina mwongozo unaomruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani, lakini atarudi vipi ikiwa macho yetu yanamfukuza? Mizani ile miwili ya 1810 ilivuka bahari pamoja na gauni.

Simwambii mtu aache adabu. Heshima ni kitu cha maana, na mababu zetu walikuwa nayo kabla ya meli kutia nanga. Ninachosema ni kwamba tukiambiwa "hii ndiyo heshima," tuwe na ujasiri wa kuuliza: inamlinda nani, na mzigo wake anabebeshwa nani?

Nilimsomea nyanya makala haya yote. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Nilipofika kwa yule msichana, mikono yake ikasimama. Akauliza, "Na mtoto wake anaendeleaje?" Sikuwa na jibu, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kumwona. Nyanya akatikisa kichwa. "Basi Jumamosi utanipeleka," akasema. "Na ile picha yangu usiiguse."

Sitaigusa. Jumamosi tutakwenda.