Ulaya Wakirudisha Saa, Ijumbi Wanakesha

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inapotimu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, saa za karibu Ulaya yote zinarudishwa nyuma kwa mpigo mmoja, kuanzia Lisbon hadi Helsinki. Ijumbi, kata ya wilaya ya Muleba mkoani Kagera, hakuna anayegusa saa yake. Tanzania haina utaratibu huo na haiuhitaji. Lakini usiku wa siku hiyohiyo wapo watu wa Ijumbi watakaokaa macho saa nzima kupita mazoea yao, wakingoja simu iite.

Hesabu yake ni hii. Tangu mwisho wa Machi, London ilikuwa nyuma yetu kwa saa mbili. Kuanzia alfajiri ile inakuwa nyuma kwa saa tatu. Mtu aliyezoea kutoka kazini, akaoga, akala, kisha akashika simu saa mbili usiku kwa saa za kwao, alikuwa akimpata mwenzake wa Ijumbi saa nne. Sasa anampata saa tano. Stockholm, tofauti ilikuwa saa moja, inakuwa mbili. New York ilikuwa saa saba, na ikifika Jumapili ya kwanza ya Novemba inakuwa nane.

Saa tano usiku kijijini ni usiku mkubwa. Moto jikoni umeshafunikwa, mbuzi wamefungwa, watoto wamelala zamani. Mwenye kibanja anajua ataamka kabla jua halijachomoza, kwa hiyo kila dakika anayoisubiri simu anaitoa kwenye usingizi wake. Na anaitoa bila kusema. Sijawahi kumsikia mzee wa Ijumbi akimwambia mtu aliye ughaibuni kwamba amepiga usiku mno. Atasema, "Nilikuwa macho tu," hata kama simu imemkuta usingizini.

Nawafahamu akina mama wawili waliosoma pamoja shule ya msingi. Mmoja hakuhama Ijumbi. Mwingine yuko Sweden miaka mingi, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wanapigiana kila Jumapili. Huyu wa Ijumbi simu yake huitundika kwenye msumari kando ya dirisha, ndani ya kimfuko kilichofumwa kwa uzi, maana hapo ndipo mtandao unaposhika, akaiweka sauti kubwa na kukaa chini yake kwenye mkeka akichambua maharage. Jumapili moja ya Novemba nilikuwepo.

"Waitu, umekula?"

"Nimekula, mwenzangu. Ndizi na maharage. Wewe je?"

"Mkate na chai, nimetoka kazini sasa hivi. Ng'ombe?"

"Amezaa. Jike."

"Ee, Mungu mkubwa! Na mguu wako?"

"Unauma nikipanda mlima tu."

"Si uende hospitali ya Ndolage wakuangalie?"

"Nitakwenda, malipo ya pili ya kahawa yakitoka."

"Usingoje kahawa. Nitakutumia nauli."

Kikapita kimya kidogo, kisha wa Sweden akasema kwamba huko saa kumi jioni ni giza totoro, na wiki nzima hajaliona jua, kwa sababu anaingia kazini gizani na kutoka gizani. Mwenzake akaacha maharage. Akamuuliza anakaa na nani jioni, kanisani anakwenda, chakula anapika au anakula vya kununua. Akamwambia, "Washa taa zote. Usikae gizani peke yako. Na ukishindwa kulala nipigie, hata usiku wa manane."

Hapo nauli ilitoka Sweden kwenda Ijumbi, na kitu kingine kikatoka Ijumbi kwenda Sweden. Tukizungumzia ndugu na marafiki walio nje, tunahesabu kile cha kwanza tu, kwa sababu kina risiti ya wakala wa kutuma pesa. Hiki cha pili hakina risiti, na mimi naamini ndicho kinachowafanya watu wafike Machi wakiwa wazima.

Kwa mtu wa Muleba giza la saa kumi jioni ni jambo la kuambiwa. Ijumbi iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, siku yake ina mchana wa saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba jua linachomoza yapata saa kumi na mbili na nusu, na Februari linachelewa hadi saa moja imepita kidogo. Huko kusogea kwa nusu saa ndiko kubadilika kote kwa saa za jua tulikonako. Ukitaka kusogeza mshale wa saa ukiwa Kagera, itakubidi uvuke mpaka, mathalani kwenye daraja la Rusumo kuingia Rwanda, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja siku zote. Dereva wa lori anajua: ukitoka Ngara saa nne, upande wa Kirehe unakuta ni saa tatu, na jua juu ya kichwa chako ni lilelile.

Wazungu walianza kusogeza saa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mjenzi mmoja wa nyumba wa Uingereza, William Willett, alipigia debe wazo hilo tangu mwaka 1907, akisikitika kwamba watu wanalala huku jua la asubuhi likipotea bure. Alifariki mwaka 1915 bila kuliona likitekelezwa. Ujerumani ndiyo iliyotangulia, tarehe 30 Aprili 1916, ili kupunguza mafuta na makaa ya kuwashia taa. Uingereza ikafuata tarehe 21 Mei. Mataifa hayohayo mawili yalikuwa yakipigana hata huku kwetu. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria, wakaushambulia mji wa Bukoba na kukiharibu kituo cha Wajerumani cha simu ya upepo, ili Bukoba isiweze kuzungumza na walio mbali. Leo Bukoba inazungumza na dunia nzima, na kinachowasumbua watu ni mabaki ya ile sheria ya taa.

Lakini siku ambayo habari na mabadiliko ya saa vilikutana kwa namna isiyosahaulika ni Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022.

Asubuhi ile, muda mfupi kabla ya saa tatu, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofariki ni 19, waliookolewa 24. Wavuvi waliwahi na mitumbwi yao kabla ya mtu mwingine yeyote, akiwemo kijana Majaliwa Jackson, ambaye baadaye alipewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu waliokuwa ufukweni walishika kamba wakaivuta ndege. Kesho yake, uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza shughuli ya kuwaaga marehemu.

Ulaya ilikuwa imerudisha saa wiki moja kabla. London ilikuwa haijafika saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, siku ya kupumzika. Marekani zamu yao ilikuwa usiku uleule. New York ilikuwa ikielekea saa nane usiku, na dakika chache baada ya ndege kuanguka saa zao zilitimia saa nane zikarudi kuwa saa saba. Mtu wa Kagera aliyekuwa macho pwani ile ya mashariki usiku ule alianza kutafuta habari za kwao katika saa moja, na ilipokwisha akaianza tena upya.

Siku kama hiyo picha hutangulia simu. Mtu anaona mkia wa ndege ukiwa juu ya maji kabla hajasikia sauti ya mtu wake yeyote. Ndipo maswali yanapoanza: nani alikuwa anasafiri leo, fulani si alisema anarudi Jumapili, mbona simu yake haipatikani. Tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilipiga saa tisa na nusu alasiri hivi, Jumamosi, wakati Ulaya nzima iko macho. Aliyetaka kupiga alipiga. Ajali ya ndege iliwakuta wengine wamelala, na waliowaamsha ni marafiki. Katika mambo kama haya rafiki anayekupigia usiku wa manane hakuombi radhi, nawe humuulizi kwako ni saa ngapi.

Wahaya wa kale walikuwa na njia yao ya kulifunga jambo hili. Marafiki wawili waliopatana walikula omukago: walitwaa punje mbili za kahawa zilizokaa pamoja ndani ya tunda moja, kila mmoja akaipaka punje damu yake, na mwenzake akaimeza. Tangu hapo walikuwa ndugu. Hakuna aliyeweza kumnyima mwenzake msaada. Omukago wa damu umekwisha, lakini kahawa ya kutafuna bado inatolewa mgeni akifika, na ile hisia kwamba rafiki ana haki juu yako ingali nzito katika vijiji vya Muleba na Bukoba.

Uzito wake umewahi hata kupimwa. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt alizunguka kaya zote 119 za Nyakatoke, kijiji cha Buhaya, nchi ya Wahaya, akiwauliza watu ni nani wanaweza kumtegemea kwa msaada, na nani anawategemea wao. Majibu yakawa mtandao mzima wa majina, ndugu, majirani, waumini wenza, marafiki, uliovuka mipaka ya kaya na ya kijiji chenyewe. Ukiuliza swali hilo Ijumbi leo, orodha itavuka bahari. Na mwenye orodha hiyo itambidi ajue saa za Göteborg huko Sweden.

Au huyo wa Göteborg ajue saa za Ijumbi. Hapa nina msimamo. Aliyesogeza saa ndiye asogeze ratiba. Kama mlizoea kuzungumza saa tatu usiku ya Ijumbi, basi Novemba mpigie mwenzako saa moja mapema kwa saa zako, ili kwake ibaki saa tatu ileile. Zamani watu walisimama kwenye kiti wakaisogeza saa ya ukutani kwa mkono, na kazi ile iliwakumbusha kwamba kuna jambo limebadilika. Siku hizi simu inajirekebisha yenyewe mwenyewe akiwa amelala. Anaamka anaona saa mbili ni saa mbili, hajui kwamba kuna mama huko mlimani amesogezewa usiku wake.

Najua wanaofanya kazi za zamu hawana uhuru wa kuchagua. Anayetoka hospitalini au kiwandani saa tatu usiku hawezi kupiga mapema. Huyo atume ujumbe wa sauti, mrefu, wenye habari zote ndogondogo, mwenzake aukute asubuhi akiwa anapuliza moto. Wengi hungoja mpaka wawe na jambo kubwa ndipo wapige, na matokeo yake simu ikiita usiku, Ijumbi moyo unaruka: nani amefariki? Nyumba iliyozoea kupokea habari za ng'ombe, za mvua, za mnyauko wa migomba na za bei ya kahawa haishtuki simu inapoita.

Machi ndiyo mwezi wa vurugu kubwa zaidi. Marekani wanapeleka saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi, Ulaya wanangoja ya mwisho. Mwaka 2026, kwa mfano, ni tarehe 8 na tarehe 29, wiki tatu kamili. Ukoo wenye watu Minnesota, Uingereza na Muleba, ukiitisha kikao cha harusi kwenye simu saa mbili usiku, lazima useme ni saa mbili ya wapi. Mimi napendekeza vikao vyote vya ukoo vitangazwe kwa saa za nyumbani. Ni saa pekee katika kundi zima ambayo haihami.

Novemba ina nafuu moja. Ni mmoja wa miezi ya senene, wale panzi wa kuliwa. Usiku wanapoanguka watu hawalali. Taa kali zinawashwa, wanawake na watoto wanaokota hadi usiku mwingi, na simu ya saa tano inawakuta nje wakicheka. Kisha wanakaangwa, wanawekwa kwenye chupa, na msafiri wa kwanza anayekwenda Dar es Salaam anakabidhiwa ili atafute wa kuwafikisha mbele.

Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kwamba kusogeza saa kukomeshwe ifikapo 2021. Serikali za nchi wanachama hazikukubaliana, na saa zinaendelea kusogezwa. Akina mama wale wawili hawakuzingoja. Wa Sweden aliomba kazini zamu zake za Jumapili za miezi ya baridi ziwe za asubuhi, na sasa anapiga saa kumi jioni kwa saa zake, muda ambao kwao taa zimeshawashwa. Ijumbi ni saa kumi na mbili, jua bado lipo, ndizi ziko jikoni, na wajukuu wanagombania nani aanze kumsalimia.