Ghala la Kismayo lianzie ardhini

Mfanyabiashara anayetaka kujenga ghala Kismayo aangalie ardhi kwanza. Mchanga wa pwani ukititia, sakafu hupasuka na shehena huharibika. Dawa mojawapo ni kuchanganya ardhi yenyewe na kuishindilia: mchanga hutiwa saruji, udongo wa mfinyanzi hutiwa chokaa. Chokaa si ngeni kwa Wabajuni. Magofu ya mawe ya matumbawe visiwani Chula na Koyama yalijengwa kwayo. Lakini penye taka zinazooza au mafuta yaliyomwagika, saruji huchelewa kushika, au isishike kabisa. Udongo huo uondolewe. Tena usikoroge zege kwa maji ya bahari: chumvi hula nondo. Jaribu eneo dogo, ngoja siku 7, ndipo ununue saruji ya ghala zima.