Mafumbo ya Sataranji: kwa Saa au bila Saa?

Kila Ijumaa jioni nyumbani kwetu Al Wukair, mimi na binamu yangu hunywa karaki, kisha tunapanga kete za sataranji. Ubishi wetu ni mmoja: mtu akifanya mazoezi ya mafumbo, atumie saa au asitumie?

Binamu yangu hujipa dakika 5 na kufumbua mengi awezavyo. Mimi huchukua fumbo moja, nikatazama kila hatua ya kumtishia mfalme, kila kete inayoweza kuliwa na kila jibu la mpinzani. Sigusi kitu mpaka nimefika mwisho kichwani.

Chukua fumbo hili la zamani. Mfalme mweusi yuko h8, askari wake wako g7 na h7, ngome yake f8. Weupe wana farasi h6 na malkia c4. Malkia anaingia g8! Mfalme hawezi kumla kwa sababu farasi anamlinda, basi ngome inalazimika kumla. Farasi anaruka f7, na mfalme amebanwa na watu wake mwenyewe. Mati.

Mara ya kwanza lilinichukua karibu robo saa. Leo naliona papo hapo. Kwa hiyo naamini bila saa tunajifunza, na kwa saa tunajipima.

Lakini binamu yangu ana hoja. Desemba 2016, mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi yalifanyika hapa hapa Doha. Katika ile ya kasi zaidi, kila mchezaji alipewa dakika 3, na sekunde 2 za nyongeza kwa kila hatua. Sergey Karjakin alitwaa ubingwa, ingawa Magnus Carlsen alilingana naye kwa pointi. Kwa muda huo, unachokijua lazima kije chenyewe.

Hapo ndipo nilipojiona. Ngeli nimejifunza bila saa, kwenye daftari. Bibi akipiga simu kutoka Mombasa, saa inaanza kukimbia. Nikiwa bado natafuta "vile" au "zile", yeye ameshauliza swali la pili, kisha husema, "Haya mwanangu, mpe mamako simu." Nimeshindwa kwa muda, wala si kwa kutojua.

Sasa nafanya yote mawili: daftari kwanza, saa baadaye. Juma lililopita nilikosea ngeli mara nyingi, Bibi akacheka, lakini simu haikwenda kwa mama.