Kubadilisha Kiendeshi cha CD na DVD katika Kompyuta ya Mezani

Katika makabati ya nyumba nyingi, ofisi za vijiji na shule za kata zimo CD na DVD zenye mambo yasiyopatikana kwingine: picha za harusi na misiba, ramani za upimaji wa viwanja, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, na masomo ya wanafunzi. Kompyuta nyingi za siku hizi huuzwa bila kiendeshi cha kusomea diski hizo, na viendeshi vilivyomo katika kompyuta za zamani vimeanza kuchoka. Diski zenyewe nazo hazidumu milele. Zile zilizorekodiwa nyumbani au studio hutunza taarifa katika tabaka la rangi ambalo huharibiwa na jua, joto na unyevu. Kwa hiyo kuweka kiendeshi kizima katika kompyuta moja ya familia au ya ofisi kunaweza kuwa nafasi ya mwisho ya kuokoa kumbukumbu hizo.

Kabla ya kununua

Si kila kiendeshi kisichosoma diski kimekufa. Mmiliki aanze kwa kujaribu diski nyingine, kisha aifute ile ya kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha. Ikiwa diski imekwama ndani, kompyuta izimwe, kisha ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa iingizwe katika tundu dogo lililo mbele ya kiendeshi na kusukumwa taratibu hadi trei itoke.

Ikithibitika kuwa kiendeshi kimeharibika, ni lazima kujua aina yake kabla ya kwenda dukani. Kompyuta za zamani sana hutumia IDE, yenye mkanda mpana wa waya wa pini 40. Zilizofuata hutumia SATA, yenye waya mwembamba wa pini 7 kwa ajili ya taarifa na mwingine wa pini 15 kwa ajili ya umeme. Aina hizi mbili haziingiliani. Ukubwa nao uangaliwe: kasha la kawaida hupokea kiendeshi cha upana wa inchi 5.25, lakini makasha madogo ya ofisini mara nyingi hutumia kiendeshi chembamba kama cha kompyuta mpakato. Njia salama ni kukifungua cha zamani na kwenda nacho dukani. Kiendeshi cha DVD husoma na CD pia, bali cha CD hakisomi DVD.

Hatua za kazi

Kwanza, kompyuta izimwe kwa utaratibu wake na waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Boksi la pawasaplai lisifunguliwe kamwe, kwa kuwa hutunza umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Pili, skrubu za nyuma zifunguliwe kwa bisibisi na ubavu wa kasha utolewe. Kabla ya kugusa chochote, mhusika ashike sehemu ya chuma tupu ya kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vipande vya ndani. Picha ya simu ikipigwa wakati huo itaonyesha kila waya ulikuwa wapi.

Tatu, nyaya mbili zilizo nyuma ya kiendeshi zichomolewe kwa kushika kichwa cha plagi, si waya. Skrubu za pembeni au kibano kifunguliwe, kisha kiendeshi kisukumwe na kutokea mbele ya kasha. Ikiwa nafasi ilikuwa tupu tangu mwanzo, kifuniko cha plastiki cha mbele ndicho kitakachotolewa.

Nne, kiendeshi kipya kiingizwe kutoka mbele hadi kilingane na uso wa kasha, kisha kifungwe kwa skrubu fupi, kwa maana ndefu huweza kugusa na kuharibu mitambo ya ndani. Waya wa taarifa uunganishwe na ubao mama, na wa umeme utoke kwenye pawasaplai. Plagi za SATA zina umbo linaloingia upande mmoja tu. Ikigoma, igeuzwe, isilazimishwe. Nyaya zote zikae mbali na feni.

Kompyuta ikiwashwa, mfumo endeshi kwa kawaida hukitambua kiendeshi wenyewe. Kisipoonekana, kompyuta izimwe na kuchomolewa tena, kisha ncha zote za nyaya zikaguliwe. Sababu kubwa huwa ni plagi isiyokaa vizuri.

Asiyetaka kufungua kasha, au anayetumia kompyuta mpakato, anaweza kununua kiendeshi cha nje kinachochomekwa kwenye USB.

Baada ya kufaulu

Kazi haijaisha hadi taarifa zihamishwe. CD hubeba takriban MB 700 na DVD ya kawaida GB 4.7, hivyo flashi moja ya GB 64 hutosha DVD zaidi ya kumi zilizojaa. Kwa DVD ya video, mafolda yote yaliyomo yanakiliwe pamoja. Nakala ziwekwe mahali pawili tofauti, kwani flashi nayo hupotea na huharibika. Hati za viwanja na hesabu za vikundi zipewe nafasi ya kwanza, na diski za asili zihifadhiwe katika majalada yake, mbali na jua. Hati au hesabu iliyopotea ni vigumu kuipata tena, ilhali kuinakili ni kazi ya dakika chache.