Marejeo katika Miswada ya Majarida ya Uuguzi

Mwandishi apelekapo mswada kwa mhariri wa jarida la uuguzi hudaiwa, pamoja na mambo mengine, aandike marejeo yake kwa utaratibu maalumu: jina likae hapa, mwaka pale, nukta hapa, mkato kule. Wengi huliona sharti hilo kuwa ni adabu ya mlangoni tu, kama kuvua viatu. Sivyo. Kila kipande cha rejeo ni habari, na habari hiyo ikiachwa au ikiharibika msomaji hupotezwa. Na katika uuguzi anayefikiwa mwishowe na upotevu huo ni mgonjwa.

Taratibu zitumikazo sana ni mbili. Wa kwanza ni wa tarakimu, nao huitwa wa Vancouver, kwa kuwa ulitokana na mkutano wa wahariri wachache wa majarida ya tiba uliofanyika mwaka 1978 katika mji huo wa Kanada. Masharti yao yalichapishwa mwaka uliofuata. Humo kila chanzo hupewa namba kwa kadiri kinavyotangulia kutajwa, na orodha ya mwisho hufuata namba hizo wala haifuati alfabeti. Wa pili ni wa jina na mwaka, na unaojulikana sana miongoni mwa wauguzi ni ule wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ulioanza mwaka 1929 kwa makala ya kurasa saba, na ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019. Tarakimu hazikatizi mwendo wa sentensi. Lakini mwaka humwambia msomaji papo hapo kama ushahidi ni wa juzi au wa nusu karne iliyopita, na katika kazi ambayo maarifa yake hubadilika upesi hilo si jambo dogo. Hata hivyo hiari si ya mwandishi. Jarida ndilo lichagualo, naye hana budi kulifuata.

Ili kuonyesha uzito wa jambo hili yafaa kutazama rejeo moja. Tarehe 10 Januari 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa barua ya Jane Porter na Hershel Jick, wa Boston. Ilikuwa na sentensi tano tu. Ilieleza kwamba katika wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa angalau dawa moja ya jamii ya afyuni, walioshikwa na uraibu kwa ushahidi wa kutosha, hali hawakuwa nao hapo kabla, walikuwa wanne. Juu ya mgonjwa apewaye dawa hizo akaenda nazo nyumbani, akazimeza miezi na miaka, barua haikusema neno.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapa, katika jarida lilo hilo, hesabu ya maandishi yaliyoirejea barua hiyo. Waliyapata 608. Kati ya hayo, 439 yaliitumia kuwa ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na 491 hayakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Watafiti hao walihukumu kwamba kurejea kwa namna hiyo kulisaidia kuwaondolea matabibu hofu ya dawa hizo, na hivyo kulichangia msiba wa uraibu ulioikumba Amerika ya Kaskazini. Wahariri nao waliibandika barua ile onyo.

Sasa na litazamwe rejeo lenyewe liandikwavyo kwa utaratibu wa Vancouver. Baada ya anwani ya maandishi huwekwa, katika mabano ya mraba, neno la kuonyesha kwamba hii ni barua. Kisha hufuata jina la jarida kwa ufupisho wake unaokubalika, na mwishoni tarakimu hizi: 1980;302(2):123. Yaani mwaka wa 1980, juzuu ya 302, toleo la 2, ukurasa wa 123. Ukurasa mmoja! Utafiti wenye maelezo ya mbinu, majedwali na mjadala hauenei katika ukurasa mmoja, na msomaji aliyezoea kusoma marejeo hushtuka hapo hapo. Lakini liondolewe lile neno la mabano, na namba ya ukurasa isahauliwe, basi sentensi tano huvaa joho la utafiti kamili. Utaratibu wa Chama cha Wanasaikolojia nao hudai alama hiyo hiyo ya barua.

Ni kweli kwamba umbo sahihi halimlazimishi mtu kusoma anachokirejea. Kwa sababu hiyo taratibu hizi humtaka mwandishi atafute chanzo cha asili. Na anayefuata utaratibu wa jina na mwaka, akikikosa, akiri wazi kwamba ameyachukua maneno kama yalivyonukuliwa na mwingine. Kunakili rejeo kutoka orodha ya mtu ni kuazima shahidi usiyemjua.

Jambo jingine ni majina, nalo linawagusa zaidi waandishi wa Afrika Mashariki. Taratibu zote mbili hudhani kwamba jina la mwisho ni la ukoo. Kwa desturi ya Waswahili wengi jina la mwisho ni la baba, au la babu. Marehemu Shaaban Robert huorodheshwa chini ya herufi R, ingawa Robert alikuwa babaye. Na wako wanaomweka chini ya S. Yeye hapotei, maana anajulikana mno. Lakini muuguzi atiaye sahihi makala moja kwa jina lake na la baba, na ya pili akaongeza la babu, hugeuzwa watu wawili katika faharasa, na kazi yake hugawanyika. Dawa yake ni kuchagua sura moja ya jina tangu makala ya kwanza na kushikamana nayo, pamoja na kujipatia ile namba ya ORCID yenye tarakimu kumi na sita, inayotolewa tangu mwaka 2012.

Kuhusu waandishi wengi, Vancouver hutaja sita wa kwanza, na wakizidi hapo huongezwa kifupisho cha Kilatini ambacho Kiswahili husema vizuri zaidi, «na wenzake». Utaratibu ule mwingine huorodhesha hata ishirini.

Limebaki suala la vyanzo vya Kiswahili katika mswada wa Kiingereza, kama vile vijitabu vya mafunzo ya afya. Utaratibu wa Chama cha Wanasaikolojia hutaka anwani ya Kiswahili iachwe kama ilivyo, na tafsiri yake ifuate katika mabano ya mraba. Vancouver huongeza mwishoni jina la lugha. Waandishi wengine huandika tafsiri peke yake, wakidhani wanamrahisishia msomaji mgeni. Msomaji huyo akienda maktaba hukiulizia kitabu asikipate, kwa kuwa hakuna kilichopata kuchapwa kwa jina hilo.